Ruhusa ya kumla samaki si ruhusa ya kumtesa

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wa nchi kavu na wa majini. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea mambo mazito ya umma: shule zetu, misikiti yetu, haki zetu. Leo naomba nikupeleke Hale, ukingoni mwa mto Pangani, kwa ajili ya kiumbe ambaye wengi wetu humkumbuka akishakuwa kwenye sahani tu. Namzungumzia samaki. Pengine utasema mwalimu amekosa la kuandika. Nivumilie, kwani kisa chenyewe kinanihusu mimi na dini yangu kabla hakijamhusu samaki.

Mimi ni mtoto wa Hale. Mnaopita barabara ya Segera kwenda Tanga mnaijua Hale kwa mashamba ya mkonge na kwa kituo cha kufua umeme wa maji, megawati 21, kilichoanza kazi mwaka 1964. Sisi tuliokulia pale tuliujua mto kwanza, umeme baadaye. Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Mshahara ukichelewa, na ulichelewa mara nyingi, mboga ya nyumbani ilitoka mtoni. Nikiwa darasa la pili nilikuwa na ufito wangu, mshipi, kopo la minyoo na ndoana moja niliyoitunza kama dhahabu. Nikirudi na perege wanne mama alinipokea kama mtu aliyerudi Hijja. Sikumbuki hata siku moja kumsikia mtu akiuliza kama samaki yule anaumia. Njaa haikuacha nafasi ya swali hilo, na simlaumu mtu.

Sasa ninafundisha somo la dini katika shule ya sekondari mjini Tanga. Mwaka jana, wiki iliyofuata Idi, wanaume kama kumi tunaosali msikiti mmoja tulikodi gari tukaenda Hale kutembea, baadhi yetu tukiwa na watoto. Mmoja wetu, mfanyabiashara aliyewahi kuishi nje, alikuja na fimbo tatu za kisasa za kuvulia, zile zenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Tukatafuta mahali penye maji yaliyotulia, mbali na mitambo, akatufundisha mchezo wake. Watu wanavua kwa zamu. Ukimpata samaki unampima kwa rula, unapigwa naye picha kwa simu, kisha unamrudisha majini. Mwenye samaki mrefu kuliko wote ndiye mshindi. Tulikuwa waangalifu hata tukakubaliana mshindi asipewe chochote, isije ikawa kamari. Juu ya samaki mwenyewe hatukukubaliana lolote.

“Hatuui, ustadhi,” aliniambia yule rafiki. “Huu ndio uvuvi wa huruma.”

Nakiri mbele yenu kuwa nilifurahi. Mkono wa utotoni haukuwa umesahau. Samaki wangu wa tatu alikuwa perege wa kiganja kimoja na nusu, naye alikuwa ameimeza ndoana mpaka kooni. Niliivuta, haikutoka. Nikavuta tena, ikatoka na damu. Tukampima, tukapiga picha, nikamrudisha. Aligeuka tumbo juu, akachezesha mapezi mara mbili tatu, maji yakamchukua.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja anayevua kwa ufito kama wangu wa zamani, na mjukuu wake kando. Nilikuwa nimeshampa shikamoo yake. Akaniambia kwa upole: “Mwanangu, kama hammli, si mngetupa sisi?” Sikuwa na jibu. Na hapohapo mwanangu wa miaka tisa akaniuliza lake: “Baba, yule samaki ameumia?”

Nikamjibu haraka, kama mwenye elimu: “Samaki haumii. Ndiyo maana hachinjwi.”

Mtoto aliridhika. Mimi sikuridhika. Usiku ule nikajiuliza: nani aliniambia hivyo? Nimesoma chuo kikuu, nimefundisha mlango wa vichinjwa miaka kadhaa, na sijaona popote palipoandikwa kuwa samaki hachinjwi kwa sababu haumii. Nilikuwa nimeitungia sheria ya Allah sababu ambayo Yeye hakuisema, ili tu nimalize mchezo wangu kwa raha. Kwa mwalimu wa dini hilo si kosa dogo.

Kwa nini samaki hachinjwi?

Hukumu yenyewe sote tunaijua. Aya ya 96 ya Suratul Maida imehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu maji ya bahari alieleza kuwa maji yake yanatoharisha na mfu wake ni halali. Na imepokewa kwa njia ya Ibn Umar (R.A.) kwamba tumehalalishiwa mfu wa aina mbili, samaki na nzige.

Tuziangalie hukumu hizi zinasema nini. Zinasema kuwa samaki akifa bila kisu nyama yake haiharamiki. Huo ni wepesi tuliopewa sisi walaji. Juu ya kuumia kwa samaki hazikusema neno. Na aya hiyohiyo ya Suratul Maida imetaja lengo la ruhusa: iwe ni manufaa kwetu na kwa walio safarini. Yaani ni riziki.

Nikarudi kwenye vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu wa pwani tunayafuata. Mafaqihi wanasema ni makuruhu kumchinja samaki, kwa kuwa hakuna haja ya kufanya hivyo. Kisha wanamtoa mmoja: samaki mkubwa ambaye huchelewa kufa. Huyo, wanasema, ni sunna kumchinja ili kumpumzisha.

Nimepita juu ya maneno hayo mara nyingi bila kuyaona. Tafakari, ndugu yangu. Nyama ya samaki yule ilikuwa tayari halali bila kisu. Kisu hakikuongeza kitu kwenye uhalali wake. Kilichowafanya wanachuoni wale wakirudishe ni jambo moja tu, nalo ni taabu ya samaki mwenyewe. Wapo pia mafaqihi waliochukia kumbanika samaki akiwa bado hai. Watu hawa hawakuwa na maabara wala darubini. Walikuwa na Hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) iliyopokewa na Imamu Muslim, inayotufundisha kuwa Allah amefaradhisha wema katika kila kitu, hata katika kuua, na kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Kila kitu, na samaki yumo.

Hapa ndipo nilipoliona kosa langu, na nadhani si langu peke yangu. Sheria ilimwondolea samaki kisu, sisi tukadhani imemwondolea na huruma.

Mfano uko jikoni mwetu. Kambare ameumbwa na kiungo cha kupumulia hewa ya juu, ndiyo maana anaweza kukaa nje ya maji saa nyingi na bado yu hai. Nimewahi kuona, na nimewahi kufanya mwenyewe: anasuguliwa majivu ili ute uondoke, anapasuliwa tumbo, naye bado anajipinda mkononi. Tunacheka, tunasema ana roho ngumu. Samaki wa namna hiyo, anayechelewa kufa, ndiye hasa mafaqihi waliyemkusudia waliposema achinjwe apumzike. Hale nzima, na Tanga yote niijuayo, sijawahi kumwona mtu akiitenda sunna hiyo, na mimi mwenye kuisomesha nikiwa wa kwanza kuiacha.

Wataalamu wanasema nini?

Kuna watakaosema samaki hana hisia za maumivu. Swali hili limechunguzwa. Mwaka 2003 watafiti wa Uskochi, akiwemo Bi Lynne Sneddon, walichunguza kichwa cha trauti, samaki wa maji baridi ambaye jamaa zake walipandikizwa katika mito ya milima ya Kenya tangu mwaka 1905 ili walowezi wapate mchezo wa kuvua. Walikuta vipokea hisia 58, na kati yake 22 ni vya aina ile inayopokea maumivu. Wakawachoma baadhi ya trauti sumu ya nyuki midomoni, na wengine asidi kama ile iliyomo kwenye siki. Samaki wale waliacha kula kwa muda mrefu kuliko wenzao, wakawa wanayumba, na waliotiwa asidi wakasugua midomo yao kwenye changarawe. Walipopewa dawa ya kutuliza maumivu, dalili hizo zilipungua.

Uadilifu unanilazimisha niseme kuwa wapo wataalamu wanaopinga. James Rose wa Marekani aliandika mwaka 2002 kwamba ubongo wa samaki hauna ile sehemu ambayo kwetu wanadamu ndiyo inayotufanya tuyatambue maumivu, kwa hiyo kujipinda kwake ni mwitikio wa mwili tu. Mjadala huo haujafungwa. Hata hivyo mizani imeanza kuelemea upande mmoja. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayowatambua wanyama wote wenye uti wa mgongo, samaki wakiwemo, kuwa ni viumbe wenye hisia.

Sisi Waislamu tukikutana na shaka tumefundishwa njia: tuache lenye kututia shaka, tuende kwenye lisilotutia shaka. Nikimhurumia samaki halafu ikabainika kuwa hakuwa anaumia, nimepoteza nini? Nikimtesa kwa mchezo halafu ikabainika kuwa alikuwa anaumia, nitasema nini mbele ya Mola wangu?

Je, kumrudisha ni huruma?

Turudi kwa rafiki yangu na uvuvi wake wa huruma. Hoja yake ina sura nzuri: wengine wanaua, sisi tunaachia. Lakini kuachia kuna hesabu yake. Samaki akitolewa majini, nyuzi laini za mashavu anayopumulia hugandamana na pumzi humkatika. Watafiti wa Kanada mwaka 1992 waliwakimbiza trauti mpaka wakachoka, kama anavyochoka samaki aliye kwenye ndoana, kisha wakawaweka baadhi nje ya maji kwa dakika moja tu. Baada ya saa 12 waliobaki hai walikuwa asilimia 28. Waliochoshwa bila kutolewa majini walipona asilimia 88. Na mwaka 2005 watafiti waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi walikuta kuwa wastani wa vifo vya samaki wanaovuliwa na kuachiliwa ni asilimia 18, na hatari kubwa zaidi ni kwa yule aliyeimeza ndoana ndani, kama perege wangu.

Sisi tulihitaji dakika ngapi kupima na kupiga picha? Sikuhesabu, na huko kutohesabu ni sehemu ya dhambi yangu.

Lakini hata wote wangepona, swali langu lingebaki. Abdullah bin Mughaffal (R.A.) alimwona mtu akirusha vijiwe kwa vidole, akamkataza, akimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza jambo hilo, kwani halipati windo wala halimuumizi adui, linavunja jino na kutoboa jicho basi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Izingatie sababu yake. Kuna tendo linaloumiza na halileti faida, na kwa hiyo tu likakatazwa. Sasa nionyesheni tofauti kati ya kijiwe kile na ndoana yangu ya Jumamosi ile. Windo sikulipata, maana nilikuwa nimeshaazimia kulirudisha. Kilichobaki ni mdomo uliotoboka na picha kwenye simu.

Atasema mtu: Uislamu haukukataza michezo. Kweli kabisa. Kupanda farasi na kutupa mishale ni michezo ya sifa. Lakini Mtume huyohuyo aliyehimiza kutupa mishale alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, na Ibn Umar (R.A.) alipowakuta vijana wamemfunga ndege wanamlenga aliwakemea vikali. Ustadi ni uleule na upinde ni uleule, ila shabaha isiwe na roho.

La kushangaza ni kuwa wasiosoma Hadithi hizi wamefika karibu na hapo. Uswisi, kwa kanuni za mwaka 2008, imekataza kwenda kuvua kwa nia ya kumrudisha samaki. Nchini Ujerumani sheria inataka pawepo sababu ya maana ya kumuumiza mnyama mwenye uti wa mgongo, na kuliwa ni sababu, lakini mchezo peke yake hautoshi. Neno nia hapo linanikumbusha somo la kwanza kabisa tunalowafundisha watoto madrasa.

Nisieleweke vibaya. Kurudisha samaki si kubaya siku zote. Ukimpata mdogo asiyefikia kimo, mrudishe upesi, mkono ukiwa umelowa. Perege jike huatamia mayai na kulea vifaranga mdomoni mwake, palepale ndoana inapopita. Ukimkuta katika hali hiyo mwachie haraka. Mto wetu una perege wake wa asili, mmoja wao wataalamu wamempa jina la Korogwe yetu, na kumlinda ni amana. Huko Malindi na Watamu, taasisi ya African Billfish Foundation imekuwa tangu mwaka 1990 ikisimamia uwekaji alama kwa sulisuli na nduwaro wanaovuliwa na kuachiliwa, ili ijulikane wanasafiri wapi. Hilo lina elimu ndani yake, na walio na elimu walipime. Mimi nazungumzia anayemchoma kiumbe ndoana, nia yake ya kwanza na ya mwisho ikiwa ni kujifurahisha.

Wengine wataniuliza: pwani ya Tanga watu wamelipua matumbawe kwa baruti miaka na miaka, mitoni watu wanamwaga utupa na sumu, mambo ambayo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeyakataza, wewe unahangaika na ndoana? Ni kweli, ukiiweka ndoana yangu na baruti kwenye mizani, baruti ni nzito mara elfu. Lakini kila mtu ataulizwa kwa mkono wake. Baruti sijapata kuishika. Fimbo niliishika.

Wala simhubirii mzee wa Hale. Yeye anavua apate kula na kulisha, na kutafuta riziki ya halali ni ibada. Nawahubiria wenzangu wenye friji, tunaokwenda mtoni tukiwa tumeshiba. Kwetu nasema hivi. Kukaa ukingoni na ndoana si haramu, na kufurahia si haramu, ila tukumbuke tahadhari ya Mtume (S.A.W.) kwamba anayefuatafuata mawindo hughafilika. Vua unachokusudia kula au kumpa mhitaji. Ukimpata, usimwache akitapatapa kwenye ndoo huku unapiga soga. Mmalize upesi kwa pigo moja la kigongo kichwani, na kama ni kambare mkubwa, kisu kikali kipo. Usimkune magamba wala usimtie motoni akiwa hai. Ukitosheka, kunja mshipi. Kama nimekosea katika haya, masheikh wetu wanisahihishe.

Nilimweleza mwanangu, kiasi cha wiki mbili baadaye, kuwa jibu langu la mtoni halikuwa sahihi. Samaki huenda anaumia, na Allah hakusema haumii, ni baba ndiye aliyesema. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Sasa utamwombaje radhi?”

Wanafunzi wangu nimewakaririsha masharti ya toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na ukimdhulumu mwenzio umrudishie haki yake. Matatu ya kwanza naweza kuyajaribu. La nne limechukuliwa na maji ya Pangani. Imepokewa kuwa hata shomoro aliyeuawa bure atamlalamikia muuaji wake kwa Allah Siku ya Kiyama, na ingawa wanachuoni wamelizungumzia pokezi lake, maana yake inanitisha. Shomoro yule alikuwa mmoja. Mimi niliwavua watatu, nikawapiga picha.

Tuwafundishe watoto wetu kusema Bismillahi juu ya samaki, na tuwafundishe pia kuwa anayetajiwa jina la Ar-Rahman hafai kuchezewa.

Wallahu aalam.